Kabla Hujashika Wembe

Mdogo wangu wa kwaya, wewe uliyeandika kwamba spika ndani ya pembe yako ya mbao "inaongelea puani", na kwamba Jumamosi unaikata kofia yake ya katikati kama ulivyoona kwenye video, weka huo wembe chini kwanza. Mimi, Yaya wako, nakuomba. Ukishakata umekata, na nikiisoma barua yako vizuri naona spika yenyewe haina kosa. Kosa liko mbele yake, kwenye nafasi ya hewa uliyoiacha kati ya koni na koo la pembe. Tutafika huko.

Barua za pembe zimenijia za kutosha, kwa hiyo leo kona yangu nzima ni ya barua hizo. Mlioniandikia kuhusu mawifi na mapishi mtanisamehe hadi toleo lijalo.

Kuna dada ameuliza kwa nini tuhangaike kugonga misumari huku Pepa wakati bafle za kiwandani, yaani spika za boksi, zimejaa sokoni Kalemie. Dada, jibu ni betri. Kalemie wana umeme wa kituo cha Bendera. Sisi wa Pepa, huku juu kwenye milima ya Marungu, tuna pano za jua, betri ya gari, na grupu (jenereta) la kuazima siku ya harusi. Betri ya volti 12 ikiwa imeunganishwa na amplifaya ndogo ya gari, ile isiyo na kipandisha volti ndani, haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 safi kwenye spika ya omu 4. Kwenye spika ya omu 8 ni wati 9. Hiyo ni hesabu ya volti tu, na haijali kwamba juu ya boksi wamebandika "wati 1000". Ukipitia kwenye inveta utapata zaidi, lakini inveta nayo inakula, na ibada itaishia gizani.

Sasa spika ya kawaida ndani ya boksi la kawaida hutoa desibeli 88 au 90 kwa wati moja, ukipima mita moja mbele yake. Spika hiyohiyo ikisukuma pembe iliyopigiwa hesabu inaweza kufika 98 hata 100 kwenye sauti za kati, yaani pale sauti ya mtu ilipo. Na desibeli 10 ni mara kumi ya wati. Kwa hiyo zile wati 9 zako zinafanya kazi ambayo bafle ya sokoni ingedai wati 90. Mbao na gundi zimekununulia pano ambazo hukuwa na pesa ya kuzinunua.

Mtazame mchungaji wa ng'ombe akimwita mwenzake ng'ambo ya bonde: anaweka viganja pande mbili za mdomo. Mapafu ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba hewa iliyo mbele ya mdomo wake haikwepi tena pembeni. Imeshikwa, inasukumwa, na kusukuma hewa pana zaidi mbele yake. Koni ya spika ina shida ileile ya mdomo mtupu, kwa sababu inacheza mbele na nyuma kwenye hewa nyepesi inayoikimbia. Pembe inaipa hewa hiyo uzito wa kusukumika, kuanzia kooni palipobana hadi mdomoni palipopanuka.

Msidhani haya ni mambo ya maskini. Mwaka 1926, sinema zilipoanza kutoa sauti, wahandisi Wente na Thuras wa Bell Laboratories kule Marekani walitengeneza spika ya pembe iliyoitwa 555, na pembe hizo zilijaza kumbi nzima kwa amplifaya za wati chache, maana wati wakati ule ilikuwa ghali kama huku kwetu leo. London, kuanzia miaka hiyohiyo, mhandisi Paul Voigt alikuwa anachonga pembe zake na kubuni spika moja inayotoa sauti zote, nzito na nyembamba, kwa kubandika koni ndogo katikati ya kubwa. Zile spika za redio na za gari mnazozing'oa, zenye koni mbili moja ndani ya nyingine, zinafuata wazo lake. Baadaye transista ikafanya wati kuwa rahisi, na dunia ikaziacha pembe kwa sababu ni kubwa na zinachukua mbao. Lakini huku Marungu wati haijawahi kuwa rahisi, kwa hiyo hatuna sababu ya kuziacha.

Turudi kwa wa wembe. Umesema una spika ya inchi 8, pembe ya triplekisi (mbao za tabaka), na umeibana spika nyuma ya ubao wenye koo la mraba wa sentimita 10 kwa 10. Halafu, "ili koni isiguse", umeweka pete ya mbao ya sentimita 2 kati ya ukingo wa spika na ubao. Hapo ndipo pua ilipozaliwa. Koni ya inchi 8 ina eneo la sentimita za mraba 210 hivi. Bonde la koni lenyewe linashika karibu mililita 280 za hewa, na pete yako imeongeza 420. Una mililita 700 za hewa zimekaa mbele ya koo. Hewa hiyo ni springi: sauti nzito inaipita, lakini sauti nyembamba inaibonyeza tu na kuishia humo. Kwa koo la sentimita za mraba 100 na hewa kiasi hicho, sauti zinaanza kuanguka kutoka hezi 800 kwenda juu. Herufi s, t, k, f na sh zinaishi juu ya hezi 2,000. Mhubiri wako amebaki na irabu.

Kwa hiyo ondoa pete. Kata mpira wa ndani wa baiskeli kama pete nyembamba, uweke huo kati ya spika na ubao, uhakikishe tu kwamba mkunjo wa ukingo wa koni haugusi mbao hata sauti ikiwa kubwa. Halafu chonga kigingi cha mti laini. Upande mmoja kifuate bonde la koni bila kuigusa, kiache nafasi ya milimita 5 kila mahali. Upande wa pili kichongoke kuelekea ndani ya pembe. Pale kinapopita kwenye usawa wa koo kiwe na kipenyo cha sentimita 8. Kishikwe na vijiti viwili vyembamba vilivyovuka koo, vikae imara visitetemeke. Kigingi kinakula hewa ya bure, na kinazuia sauti ya katikati ya koni isigombane na sauti ya pembeni. Watu wa mbali wanakata kofia ya spika ili kupachika kigingi cha aina hii kwenye chuma cha kati cha sumaku. Wewe umekipachika bila kuitoa damu spika yako, na kesho ukitaka kukitoa unakitoa.

Ila kigingi kinachukua nafasi kooni, nayo lazima ifidiwe. Panua mraba wa koo uwe sentimita 12.4 kila upande, na sentimita 8 za kwanza za pembe ziende hivyo zimenyooka, huku kigingi kikipungua polepole hadi ncha. Baada ya hapo pembe ndiyo inaanza kupanuka. Hewa iliyobaki mbele ya koni sasa ni kama robo lita. Mteremko unaanzia juu ya hezi 2,000 badala ya 800, na ni mteremko wa taratibu. Utasikia s imerudi.

Kwa wale wanaoanza kutoka mbao tupu, huu hapa mkanda wa kupimia. Pembe ya sauti za watu inatosha kuanzia hezi 150. Msijaribu kwenda chini zaidi kwa mara ya kwanza, pembe ya besi ni ukubwa wa kabati. Kwa hezi 150, eneo la pembe linatakiwa kujizidisha mara mbili kila baada ya sentimita 12.6. Ukianza na mraba wa 10, kwenye sentimita 12.6 uwe 14, kwenye 25 uwe 20, kwenye 38 uwe 28, kwenye 50 uwe 40, kwenye 63 uwe 57, na mdomo kwenye 68 uwe 64. Mdomo huo umetokana na kanuni kwamba mzunguko wake ukaribie urefu wa wimbi la sauti ya chini kabisa, ambalo kwa hezi 150 ni mita 2.3. Pembe inayokaa sakafuni inaweza kuwa na mdomo nusu ya eneo hilo, mraba wa 46, na urefu wa sentimita 55, kwa sababu sakafu inakamilisha kilichokosekana. Mhandisi Paul Klipsch aliipeleka akili hii mbali zaidi katika miaka ya 1940 alipoweka pembe kwenye kona ya chumba, kuta zikawa sehemu ya pembe. Lakini kanisani msiiweke chini: mama wa mstari wa kwanza na watoto wake wataimeza sauti yote. Ipandisheni, mchukue 64.

Triplekisi ikiwa nyembamba inaimba yenyewe. Igonge kwa kidole. Ikijibu kwa mlio, bandika nje vipande vya karatasi ya mifuko ya saruji kwa gundi ya mbao, tabaka juu ya tabaka, mpaka ijibu kifupi na kunyamaza. Wengine wanatumia uji wa muhogo kwa kuwa ni bure. Panya nao wanaupenda.

Nyuma ya spika pia kuna kazi, na wengi mnaiacha wazi kabisa. Pembe ya mbele inataka boksi lililofungwa nyuma, tena dogo kuliko unavyodhani. Hewa ya nyuma ni springi inayosaidiana na uzito wa hewa ya pembe kule chini karibu na hezi 150. Springi ikiwa laini mno koni inapiga kofi hewani bila kazi, ikiwa ngumu mno sauti za chini zinakatika mapema. Kwa spika nyingi za inchi 8 boksi linaangukia kwenye lita 10 hivi. Hapa sasa ndipo nataka mnisikilize vizuri nyinyi wa Pepa, kwa sababu vipimo mnavyonakili vimeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Kwenye mita 2,000 shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la pwani. Springi ya hewa inalegea kwa kiasi hichohicho. Boksi la lita 10 lililokusudiwa pwani, kwetu, ili litende kazi sawa, inabidi liwe lita 8. Kalemie, ziwani, tofauti ni ndogo. Kule lita 9 na kidogo. Ndiyo maana yule kaka aliyeniandikia kwamba bafle yake "ilikuwa nzuri Kalemie, imeharibika njiani" huenda hakuharibikiwa na kitu.

Na kama boksi limezibwa vizuri sana, usilizibe Kalemie ukalipandisha Marungu. Hewa ya ziwani iliyofungiwa ndani itaisukuma koni ya inchi 8 nje kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 20 ukifika mita 2,000. Karatasi huvuja kidogo, ndiyo, lakini kwa nini ubahatishe? Acha tundu dogo la sindano kwenye boksi, lipumue. Sauti haitalihisi.

Tuje kwenye spika yenyewe, maana nyote mnataka kuigusa. Kabla ya yote, ibonyeze koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa chuma. Hiyo usiihangaikie, tafuta nyingine. Kisha gusa nyaya zake kwa betri ndogo ya volti 1.5, mguso mmoja mfupi. Koni ikisogea mbele, upande wa chanya wa betri ndio chanya ya spika, tia alama. Mkiwa na pembe mbili na moja imegeuzwa nyaya, sauti za chini zitauana katikati ya kanisa na mtalaumiana bure.

Ukiwa sokoni unachagua, tafuta sumaku kubwa na koni nyepesi ya karatasi. Pembe haiwezi kuokoa spika yenye sumaku dhaifu na koni nzito ya plastiki iliyotengenezwa kwa besi ya gari. Hiyo itanguruma chini, na juu ikae kimya.

Marekebisho ninayoyapenda ni yale yanayoweza kutolewa. Miguu ya fremu ya bati inalia. Ifunge kwa vipande vya mpira wa baiskeli vilivyobanwa na gundi. Weka pamba au sufi ndani ya boksi la nyuma, isiguse koni, ili sauti ya nyuma isirudi kupitia kwenye karatasi na kuchafua ya mbele. Koni ndogo ya katikati mara nyingi imeachana na gundi upande mmoja na ndiyo inayopiga kelele. Pitisha tone la gundi kwa kijiti, basi. Hapo umeshamaliza nusu ya kazi ambayo watu huiita ya kitaalamu.

Halafu kuna kupaka koni. Nimeulizwa na wengi, tena kwa hamu, kana kwamba ni dawa. Gundi ya mbao iliyochanganywa na maji inaweza kutuliza karatasi inayopiga kelele kwenye hezi 2,000 au 3,000, hilo ni kweli. Lakini hesabu uzito. Koni ya gramu 10 ukiiongezea gramu 2 za gundi kavu, umepoteza desibeli 1.6 za sauti za juu, na ili kuzirudisha unahitaji wati zaidi kwa asilimia 45. Gramu mbili! Umejenga pembe kuokoa betri halafu unairudisha betri kwa brashi. Ukiona lazima, paka pete nyembamba moja karibu na ukingo wa koni, acha ikauke usiku kucha, sikiliza. Usiguse katikati. Huku kwetu asubuhi za ukungu karatasi inalegea na mchana inakauka, kwa hiyo safu nyembamba ya kuzuia unyevu ina maana yake kwa bafle inayolala nje. Hata hiyo, kuifunika turubai ni rahisi zaidi.

Kubandika sumaku ya pili nyuma ya ile ya kwanza, zikiwa zinasukumana? Inaongeza nguvu kidogo sana na inaponda vidole sana. Mimi sitaki.

Na wembe? Kukata kofia kuna maana kama tayari umeshapata kila kitu kingine na bado unataka sauti za juu kabisa. Siku hiyo ikifika, usifanye kazi hiyo karibu na mtu anayenoa panga au anayekata chuma. Vumbi la chuma likiingia kwenye ufa wa koili halitoki kwa kupuliza. Utalitoa kwa utepe wa gundi uliokunjwa, upande unaonata ukiwa nje, chembe moja baada ya nyingine, na utajuta.

Msifanye lolote kati ya haya bila kupima. Kupima hakuhitaji maabara. Weka kwenye simu programu ya kutoa mlio wa hezi unazochagua. Ipitishe kwenye amplifaya, kutoka amplifaya weka rezista ya omu 1,000, kisha spika. Testa ya dijiti iweke kwenye volti za AC, ishike nyaya mbili za spika. Anza hezi 200 ushuke polepole. Mahali volti zinapopanda juu kuliko pengine pote ndipo mlio wa asili wa spika ulipo. Andika. Sasa ifunge kwenye boksi la nyuma bila pembe, upime tena: namba itapanda. Punguza boksi kwa kuweka vipande vya mbao ndani mpaka ikaribie hezi 150. Mlima wako, betri yako, spika yako ya kuokota, vyote vimeshaingia kwenye namba hiyo moja. Huhitaji kumwamini mtu wa pwani, wala mimi.

Chini ya hezi 150 pembe inaacha kuishika koni. Besi ya kinanda ikiingia hapo koni inarukaruka, inakula betri, hakuna anayeisikia, na mwisho inachanika. Kama mixa yenu ina kitufe cha besi, kiteremsheni. Kama haina, wekeni kapasita kwenye waya wa spika. Kapasita mbili za mikrofaradi 330 kutoka redio mbovu, zilizoungwa hasi kwa hasi, zinatoa 165 bila kujali upande, na kwa spika ya omu 8 zinakata kuanzia hezi 120 hivi. Volti zake ziwe 25 au zaidi.

Kijana mmoja amenijibu mapema kabla sijaandika: "Yaya, lakini Konono wao walipiga chafu na dunia ikapenda." Ni kweli, na ninawapenda. Konono No. 1 ya Kinshasa, ya mzee Mawangu Mingiedi aliyefariki 2015, iliweka umeme kwenye likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa mikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za magari mabovu, ikatoa sauti kupitia zile pembe za kutangazia ziitwazo lance-voix, zilizobaki tangu enzi za Wabelgiji. Albamu yao Congotronics ilitoka mwaka 2004 na ikawapeleka Ulaya na Marekani. Lakini angalieni walichokifanya. Ule mkwaruzo waliukubali ukawa sehemu ya ala, wakaupangia ngoma na wacheza ngoma. Likembe likikwaruza linapata mwili. Anayesoma majina ya wafiwa, au anayetangaza siku ya chanjo ya watoto, akikwaruza watu wanakosa siku. Amueni kwanza pembe yenu ni ya kazi gani. Kama ni ya likembe, tupeni nusu ya niliyoandika leo, mfurahi.

Kwa sauti ya kusemwa, jaribio langu ni hili. Peleka pembe uwanjani. Mmoja abaki kwenye mikro na karatasi yenye taa, kaa, paa, saa, faa, jaa, zimechanganywa bila mpangilio na kurudiwarudiwa. Mwingine aende hatua mia moja, asimame amempa mgongo, aandike anachosikia. Linganisheni. Mkikuta taa imekuwa kaa na saa imekuwa faa, hewa ya mbele ya koni bado ni nyingi, au kigingi kimekaa vibaya. Muziki utawadanganya, kwa kuwa wimbo mnaoujua masikio yanaujazia yenyewe. Neno moja tupu halina pa kujificha. Habari za Kiswahili za Radio Okapi zilizorekodiwa kwenye simu nazo ni kipimo kizuri, kwa sababu wasomaji wake hutamka vizuri. Mkikosa neno, kosa ni la pembe.

Mluzi wa mikro mnaolalamikia, pembe inausaidia kupungua kama mtaisimamisha vizuri. Pembe inatupa sauti mbele na nyuma yake kuko kimya kiasi. Mwimbaji na mikro wawe nyuma ya mdomo wa pembe, kamwe wasiwe mbele. Na pembe mbili zikitazamana ndani ya kanisa fupi la kuta za matofali hazitaeleweka hata mkiziombea. Zigeuzeni zote ziangalie upande mmoja.

Majirani, jamani. Mkesha wa maombi ukifika usiku wa manane, teremsheni sauti, geuzeni mdomo wa pembe kuelekea ndani. Desibeli mlizopata bure ndizo zinazomwamsha bibi mgonjwa nyumba ya tatu.

Nimemwacha wa mwisho makusudi. Wewe binti uliyeandika kwamba mafundi wanakucheka ukishika chuma cha kuchomea, na kwamba mjomba amesema kazi ya spika si ya mwanamke. Mjomba mheshimu, salimia, ondoka na chuma chako. Hakuna kitu katika barua hii kinachohitaji misuli. Kinachohitajika ni mkono mwepesi wa kuchonga kigingi kwa milimita 5, na uvumilivu wa kuandika namba kwenye daftari, vitu ambavyo wengi wa wanaokucheka sijaona wakiwa navyo. Nunua testa yako mwenyewe kabla ya kitu kingine chochote, usiazime, maana anayekuazima testa ndiye anayeamua lini unafanya kazi. Spika ya mteja ikiingia kwako, weka alama ndogo ya rangi kwenye sumaku mbele ya macho yake, na umfundishe kufanya hivyo popote anapoipeleka, kwa sababu spika nzuri zina tabia ya kubadilika zikilala kwa watu. Pima mlio wake wa asili mteja akiwapo, andika namba, mpe nakala. Akirudi kulalamika mnapima tena, hamgombani. Na kanisa likikuagiza pembe, hata kama mchungaji ni baba yako mdogo, chukua pesa ya mbao na gundi yote kabla hujapiga mstari wa kwanza kwenye triplekisi.